Njia nne za kukabidhi chama cha wapiganaji wazee: tathmini ya kila moja na kasoro zake

Chama cha wapiganaji wa zamani ambacho wanachama wake wengi wamevuka miaka 80 kina njia nne mbele yake. Kinaweza kuwaachia watoto na wajukuu waendeleze jina. Kinaweza kujiunga na chama kikubwa zaidi. Kinaweza kugeuzwa mfuko wa kumbukumbu chini ya bodi ya wadhamini. Au kinaweza kujivunja kwa hiari yake na kugawa kilichobaki kwa utaratibu. Kila njia ina wapigadebe wake: wanasheria, mashirika makubwa yanayotafuta wanachama, vyuo vinavyotamani nyaraka, ndugu wenye shauku. Hapa tunazipima kama huduma nyingine yoyote, kwa maswali manne. Mzee aliyebaki na mjane wa mwenzake wanapata nini? Mali inafika ilikokusudiwa? Kumbukumbu zitasomeka baada ya miaka 50? Na uamuzi umefanywa na wazee wenyewe, au umefanywa walipokuwa hawapo tena?

Swali la nne tumelipa uzito kuliko mengine. Watu waliovuka vita pamoja hawastahili chama chao kifutwe na karani wa msajili kwa sababu tu taarifa za mwaka hazikuletwa. Vyama vingi huishia hivyo, na chanzo chake karibu kila mara ni kimoja: suala liliahirishwa mpaka hakuna aliyebaki na uwezo wa kisheria wa kuliamua.

Kabla ya njia yoyote: akidi, saini na hesabu ya muda

Ifungueni katiba ya chama na msome vifungu vitatu: akidi ya mkutano mkuu, kura zinazotakiwa kubadili katiba, na utaratibu wa kuvunja chama. Katiba nyingi ziliandikwa wakati wanachama wana miaka 40 na kusafiri usiku kucha hakuwasumbui. Zinadai nusu ya wanachama wawepo ukumbini. Chukua chama chenye majina 120 kwenye daftari. Akidi ni 60. Kama 35 wameshafariki bila majina yao kuondolewa na 30 hawatoki nyumbani, waliobaki ni 55. Hata wakija wote, mkutano ni batili. Chama hicho hakiwezi kuungana wala kugeuka mfuko, na hata kujivunja hakiwezi.

Dawa yake ina mpangilio, na mpangilio huo una maana. Kwanza safisheni daftari: kila marehemu aondolewe kwa azimio la kamati lililoandikwa kwenye kumbukumbu za kikao, likiambatana na cheti cha kifo au barua ya familia. Katika mfano wetu daftari linashuka hadi 85, akidi inakuwa 43, na wale 55 wanatosha. Pili, mkutano huo upitishe marekebisho ya akidi peke yake: robo ya wanachama walio hai au watu kumi, kipi kidogo, pamoja na ruhusa ya kupiga kura kwa barua, kwa simu ya video, au kwa mwakilishi mwenye barua iliyotiwa saini. Msichanganye marekebisho haya na mjadala wa hatima ya chama. Mkivichanganya, anayepinga kuvunjwa kwa chama atapinga na akidi, nanyi mtakosa vyote viwili.

Kisha benki. Mtindo wa kawaida ni watia saini watatu, wawili kati yao wakitosha. Mmoja akifariki na mwingine akaanza kusahau, akaunti imelala. Familia nyingi hudhani kwamba idhini ya kisheria aliyowapa mzee kusimamia mambo yake inawapa pia saini yake ya chama. Haiwapi, kwa sababu cheo cha mweka hazina si mali ya mtu binafsi. Ongezeni watia saini wawili wenye umri mdogo, mjane au binti wa mwanachama wakiwa chaguo zuri, wakati wale watatu bado wanaweza kufika kaunta ya benki.

Hesabu ya muda haihitaji mtaalamu. Jedwali za vifo za nchi zenye takwimu nzuri zinaonyesha kwamba mwanamume wa miaka 85 ana uwezekano wa karibu 1 kati ya 10 wa kufariki ndani ya mwaka. Akifika 90 ni karibu 1 kati ya 6. Chama chenye wazee 60 wa miaka 85 kitabaki na takriban nusu yao baada ya miaka mitano. Ila wanaoweza kuandika kumbukumbu za kikao na kufunga hesabu hupungua haraka kuliko walio hai, kwa hiyo hesabuni hao. Kama hawafiki mara mbili ya idadi ya vyeo, uamuzi ni wa mwaka huu.

Mfano wa kuigwa ni Grand Army of the Republic, chama cha askari wa upande wa serikali ya Muungano katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Kilianzishwa 1866 huko Decatur, Illinois, na mwaka 1890 kilikuwa na wanachama zaidi ya 400,000. Kwenye mkutano wake wa mwisho, Indianapolis 1949, walifika wazee sita. Wakaazimia viongozi waliopo wabaki madarakani hadi chama kitakapokoma, pasiitishwe uchaguzi mwingine. Azimio fupi, lakini liliondoa haja ya mkutano ambao usingewezekana tena. Mwanachama wa mwisho, Albert Woolson, alifariki Agosti 1956, na chama kikafungwa bila mtu kugombania muhuri.

Watoto na wajukuu

Hii ndiyo njia inayopendwa kwa moyo na inayoharibika mara nyingi zaidi. Inapofanya kazi, hakuna inayoishinda. Sons of Union Veterans, chama cha wana wa askari wale wale wa Grand Army, kilianzishwa 1881, miaka 15 tu baada ya chama cha baba zao, na Bunge la Marekani likakipa hati ya kisheria mwaka 1954, miaka miwili kabla Woolson hajafa. Kwa miaka 75 vijana walikaa pembeni ya wazee wakijifunza kazi. Huo ndio muda uliofanya urithi ushike.

Vyama vingi hutaka matokeo hayo kwa maandalizi ya miezi sita. Vinawaita watoto, vinawapa uanachama wa heshima usio na kura, vinawatoza ada, na kuwapangia kubeba viti na kupika siku ya maadhimisho. Miaka inapita. Wazee wanapungua, na siku mweka hazina anapolazwa inagundulika kwamba hakuna kijana hata mmoja aliyewahi kuona kitabu cha hesabu. Uanachama usio na kura haumfundishi mtu kuongoza.

Tatizo la pili ni la umri, na linasahaulika kwa namna ya kushangaza. Mzee akiwa na miaka 88, mtoto wake wa kwanza ana 60 au zaidi. Ukiwakabidhi watoto peke yao umenunua miaka 15, kisha mjadala huu huu unarudi. Katiba mpya ianzie kwa wajukuu, na ifungue mlango kwa wasio wa ukoo wanaoipenda historia hiyo kwa dhati: walimu, watafiti, wanajeshi wa vizazi vya baadaye.

Tatu ni lengo la chama. Chama kilianzishwa ili wenzao wasife njaa, wapate pensheni, wazikwe kwa heshima. Wajukuu hawana haja hizo. Wasipopewa kazi halisi iliyoandikwa kwenye kifungu cha malengo, kama kutunza mnara, kufundisha shuleni, kukusanya ushahidi wa wajane, watabaki na gwaride tu, na gwaride pekee halimrudishi mtu mwaka wa tatu. Mbaya zaidi, jina la chama ni mtaji wa kisiasa. Wekeni kifungu kinachozuia jina na nembo kutumika kumuunga mkono mgombea au chama cha siasa, na kiseme kwamba kifungu hicho hakibadilishwi kwa kura ya kawaida.

Nne, angalieni sheria ya kodi na ya usajili kabla ya kuandikisha mjukuu wa kwanza. Nchini Marekani, kwa mfano, chama cha maveterani chenye msamaha wa kodi chini ya kifungu 501(c)(19) kinatakiwa angalau asilimia 75 ya wanachama wake wawe wamewahi kuwa au wako jeshini. Ukifungua milango ovyo unapoteza msamaha ule ule uliokuwa ukilipia jengo. Nchi nyingine zina masharti ya namna hiyo juu ya ardhi au ruzuku.

Mpangilio unaofaa ni wa ngazi mbili. Wapiganaji wenyewe wawe wanachama waasisi wenye neno la mwisho juu ya jina, nembo na simulizi ya chama, maisha yao yote. Wa ukoo na marafiki wawe na kura kamili katika mambo mengine yote tangu siku ya kwanza. Kila cheo kipate naibu kijana kwa miaka miwili, na naibu huyo akabidhiwe kwa maandishi vitu vitatu: saini ya benki, daftari la wanachama, na nywila za barua pepe na kurasa za mtandaoni. Vyama vinavyosahau hicho cha mwisho hujikuta ukurasa wao, wenye picha za miaka kumi, hauna mwenye ufunguo.

Kwa chama chenye vijana walioanza kazi miaka mitano au zaidi iliyopita, tunaipa njia hii alama nne kati ya tano. Kwa kinachoanza leo huku wazee wakiwa na miaka 90, mbili.

Kujiunga na chama kikubwa

Kwa mzee aliye hai hii ndiyo huduma bora. Chama kikubwa kina maofisa wa ustawi, kina anayejua kujaza fomu ya pensheni, kina gari la kumpeleka mtu hospitali. Wala kuungana si aibu: Royal British Legion, chama kikuu cha maveterani wa Uingereza, yenyewe ilizaliwa Mei 1921 kwa kuunganisha vyama vinne vilivyokuwa vikishindana, na leo hupokea hata ambao hawakuwahi kuvaa sare. American Legion, chama cha maveterani wa Marekani, nayo ilipanuliwa na sheria ya Julai 2019, ikaweza kupokea waliotumikia jeshi wakati wowote tangu 7 Desemba 1941. Vyombo hivi haviishiwi watu kirahisi kwa sababu havijafungwa kwenye vita moja.

Kwa kumbukumbu, ndiyo njia dhaifu kuliko zote. Baada ya miaka mitatu jina la tawi limebadilika, akiba imemezwa na makao makuu, na bendera iko kabatini nyuma ya mafaili. Haya hayatokani na ubaya wa mtu. Hutokea kwa sababu mazungumzo yalifanywa kwa kupeana mikono. Andikeni hati ya makubaliano na ndani yake wekeni mambo matano: fedha zilizotengwa kwa wazee na wajane walioorodheshwa kwa majina, zisiguswe kwa kazi nyingine hadi wa mwisho afariki, jina la tawi kudumu kwa muda unaotajwa, siku ya kumbukumbu ya vita yenu kuadhimishwa kila mwaka, nyaraka kwenda kwenye hifadhi mliyoichagua ninyi, na jengo lisiuzwe kabla ya muda fulani bila idhini ya wawakilishi wenu. Chama kikubwa kikikataa kuandika la kwanza, ondokeni.

Tahadhari moja ni muhimu zaidi kwa nchi zilizokuwa chini ya Uingereza. Royal Commonwealth Ex-Services League, iliyoanzishwa Cape Town mwaka 1921, huwasaidia waliotumikia majeshi ya Mfalme kabla ya uhuru pamoja na wajane wao, na msaada huo hupitia vyama vya ndani ya kila nchi. Chama kinapofungwa au kuungana bila taarifa, mkondo unakatika na mjane wa kijijini ndiye anayeumia, wala hajui kwa nini. Kabla ya kubadilisha chochote, orodhesheni misaada yote inayopitia kwenu na mpate barua ya mfadhili ikitaja mpokeaji mpya. Nne kati ya tano kwa walio hai. Mbili kwa historia.

Mfuko wa kumbukumbu

Hapa chama kinaacha kuwa na wanachama na kuwa na wadhamini. Burma Star Association, ya waliopigana Burma katika Vita vya Pili vya Dunia, vita ambavyo askari wa Afrika Mashariki walishiriki kwa maelfu katika bonde la Kabaw mwaka 1944, ilianzishwa 1951 na mwaka 2020 ikageuzwa Burma Star Memorial Fund, ambayo kazi zake ni pamoja na ufadhili wa masomo. Wapiganaji wa kujitolea wa Marekani katika vita vya Hispania walitangulia zaidi: mwaka 1979, wengi wao wakiwa bado na nguvu, lilianzishwa shirika la Abraham Lincoln Brigade Archives kutunza nyaraka na kufundisha. Mpiganaji wa mwisho anayejulikana, Delmer Berg, alifariki 2016. Shirika lilikuwa limeshatimiza miaka 37 ya kazi, na halikutetereka.

Kinachoua mifuko ni hesabu. Mfuko unaotaka kudumu usitumie zaidi ya asilimia 4 hivi ya mtaji kwa mwaka. Sasa pigeni hesabu ya gharama za lazima: mkaguzi, ada ya usajili, akaunti, mkutano wa wadhamini. Kama gharama hizo zinakula zaidi ya robo ya asilimia 4 hiyo, mtaji ni mdogo mno kusimama peke yake. Msikate tamaa, lakini msisajili mfuko. Uwekeni kama mfuko wenye jina lenu ndani ya chuo au taasisi ambayo tayari ina wahasibu na mkaguzi, kwa hati inayotaja matumizi yake. Au uwekeni mfuko wenye tarehe ya mwisho, utumie mtaji wote kwa miaka 20 kisha ufungwe. Tunaupenda mfuko wa namna hiyo. Unafanya kazi kubwa watu wakiwa bado wanakumbuka.

Maneno ya lengo yaandikwe na mtu makini. Lengo likisema tu “kuwasaidia waliopigana na wajane wao”, siku mjane wa mwisho akifariki mfuko hauna tena kazi halali, na wadhamini watalazimika kwenda mahakamani kuomba lengo jipya. Ongezeni mguu wa pili: “na baada yao, elimu na utafiti wa historia ya vita hiyo”. Wala msiwafungie mlango mapema wategemezi. Irene Triplett, binti wa askari wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilivyokwisha 1865, aliendelea kulipwa pensheni ya baba yake, dola 73.13 kwa mwezi, hadi alipofariki 2020.

Bodi iwe ya watu watano au saba, si zaidi, akidi watatu, mhula wa miaka minne, na wasimalize wote mwaka mmoja. Awepo mhasibu, awepo mtu wa nyaraka, na familia moja isishike viti zaidi ya kimoja. Nne na nusu kati ya tano kama mtaji unatosha. Ndiyo njia tunayoipendekeza kwanza, ikiambatana na njia ya pili kwa ajili ya ustawi wa walio hai.

Kujivunja kwa hiari

Wapo wanaoiona kama kushindwa. Sivyo inavyoonekana kwa waliofanya vizuri. Chama cha maveterani wa Dunkirk, waliookolewa kwa meli kutoka pwani ya Ufaransa 1940, kilifungwa mwaka 2000 baada ya miaka 60 ya tukio lao. Pearl Harbor Survivors Association, chama cha walionusurika shambulio la Japani la Desemba 1941 kilichoanzishwa 1958, kilifungwa 31 Desemba 2011, wiki chache baada ya maadhimisho ya miaka 70. Normandy Veterans Association, cha waliotua Ufaransa 1944, kilifanya hivyo 2014, nacho baada ya miaka 70. Tarehe zinafanana kwa sababu maalumu: maadhimisho makubwa huwaleta watu pamoja mara moja ya mwisho, hutoa tarehe ambayo familia na waandishi wataiheshimu, na huwapa wazee nafasi ya kushusha bendera kwa mikono yao. Urafiki haukufungwa. Waliendelea kukutana bila katiba, bila ada na bila mweka hazina.

Anzeni miezi 18 kabla. Miezi sita ya kwanza: orodha ya mali na madeni, hatimiliki ya jengo, mikataba ya wafanyakazi. Jengo ndipo mambo hukwama, maana mara nyingi hati ina majina ya wadhamini watatu ambao wote wamefariki, na kuteua wapya kisheria huchukua muda kuliko kazi nyingine zote. Miezi sita ya pili: kura, kisha tangazo kwa wadai. Miezi sita ya mwisho: malipo ya mlinzi na mhudumu pamoja na haki zao zote, kukabidhi mnara, hesabu za mwisho, kisha msajili. Akaunti ya benki ifungwe mwisho kabisa, baada ya bili ya mwisho ya umeme na ya mkaguzi. Kuifunga mapema ni kosa la kawaida, na mtu fulani huishia kulipa kutoka mfukoni mwake.

Mara nyingi sheria za vyama vya hisani haziruhusu wanachama kugawana kilichobaki. Kinakwenda kwa chombo chenye lengo linalofanana, na chombo hicho kitajwe kwa jina ndani ya azimio. Kitajwe pia kuwa mpokeaji wa urithi wowote utakaokuja baadaye. Kuna wazee walioandika wosia miaka 20 iliyopita wakiachia chama sehemu ya mali zao. Chama kisipokuwepo na pasipo mrithi aliyetajwa, zawadi hiyo huweza kupotea au kuzua kesi.

Mnara wa kumbukumbu msiuache ukiwa yatima. Kuukabidhi kwa mamlaka ya mji kwa barua ya shukrani hakutoshi. Hati iseme nani anafyeka, nani anajaza herufi zilizofutika, kwa fedha ipi na mara ngapi kwa mwaka. Njia hii tunaipa nne kati ya tano ikifanywa kwa ratiba, na sifuri ikifanywa kwa kuchelewa.

Huduma isiyokwepeka: hifadhi ya nyaraka na vitu

Njia yoyote mtakayochagua, hii mtaihitaji. Mali bila daftari hupotea bila habari, na kwa chama cha wapiganaji kumbukumbu zenyewe ndizo mali kubwa. Hifadhi ya nyaraka ya taifa, makumbusho ya jeshi na maktaba ya chuo kikuu hazifanani. Hifadhi ya nyaraka hutunza karatasi vizuri lakini mara nyingi haitaki sare wala vikombe. Makumbusho hupenda vitu na kusita kwa makaratasi. Chuo hupokea vyote ila huuliza kama kuna fedha za kupanga. Msigawe mkusanyiko mmoja sehemu tatu bila kuandika orodha inayosema kila kipande kiko wapi.

Taasisi nyingi hazipendi kuazimwa bila kikomo, na zina haki. Toeni zawadi kwa hati, na hati ijibu: umiliki umehamia kwa nani; nani anaruhusu picha kuchapishwa, mkikumbuka kwamba hakimiliki ya picha kwa kawaida ni ya aliyeipiga na kuishika mkononi hakukupi haki hiyo; faili zenye habari za afya na pensheni za watu walio hai zifungwe miaka mingapi; na taasisi isipovitaka tena vitu hivyo itavirudisha kwa nani. Swali hilo la mwisho ndilo husahaulika, ndiyo maana nishani huonekana mnadani.

Maandalizi mnaweza kuyafanya wenyewe. Ondoeni pini, klipu na mipira ya kufungia, kwa sababu kutu na mpira uliooza hula karatasi. Albamu za kurasa zenye gundi chini ya plastiki ni adui wa picha. Kama picha imenata msiivute, pigeni picha ya ukurasa mzima kwanza. Filamu ikinuka siki imeanza kuoza na inaambukiza za jirani: itengeni na itangulie kunakiliwa. Nyaraka zipigwe kwa dpi (nukta kwa kila inchi) 300 hadi 400, picha ndogo za karatasi kwa dpi 600, faili mama ziwe TIFF, aina ya faili isiyopunguza ubora wa picha. Sauti za kaseti ziwe WAV, faili ya sauti isiyobanwa, ya biti 24, kilohezi 48 kwa uchache na 96 ikiwezekana. Nakala tatu, mbili kwenye vifaa tofauti na ya tatu mji mwingine.

Kazi ya thamani zaidi haihitaji mashine. Chukua picha ya kikosi, toa fotokopi kubwa, na andika namba juu ya kila uso kwenye fotokopi hiyo. Usiandike kwenye picha yenyewe. Kaa na mzee mmoja, uandike namba, jina na mahali, na kama ana hakika au anakisia. Kisha kaa na mwingine peke yake, bila kumwonyesha majibu ya kwanza. Majina wanayokubaliana wawili yaandikwe kwa penseli laini nyuma ya picha halisi, pembeni, bila kukandamiza. Wanayopishana yabaki kwenye karatasi na alama ya kuuliza. Picha isiyo na majina ina thamani ndogo kwa mtafiti na haina faraja kwa mjukuu, na hakuna taasisi duniani itakayoweza kufanya kazi hii baada yenu.

Bendera inahitaji uamuzi wake. Mila ya Uingereza ni kuitundika kanisani na kuiacha ichakae yenyewe, na hilo ni chaguo halali mkilifanya kwa kujua. Mkitaka idumu, isifuliwe wala kukunjwa: izungushwe kwenye bomba pana lililofunikwa karatasi isiyo na asidi, gizani. Hariri za zamani zilizoongezwa uzito kwa chumvi za metali hupasukia kwenye mikunjo.

Kuhusu vitu vya ibada ya chama, wanajeshi wa anga wa Marekani walioshambulia Tokyo 1942 chini ya kamanda wao Doolittle walifanya vema. Walikuwa na vikombe 80 vya fedha, kila kimoja jina limechongwa mara mbili, moja wima na jingine kichwa chini, ili lisomeke hata kikombe kikigeuzwa mwenyewe akifariki. Mpango wao wa awali ulikuwa wawili wa mwisho ndio wafungue chupa waliyoitunza. Wakabadili: Novemba 2013, wakiwa hai wanne, walifanya tendo hilo hadharani kwenye makumbusho ya jeshi la anga huko Dayton, Ohio, na vikombe viko hapo.

Namna ya kupiga kura yenyewe

Itisheni vikao viwili, wiki sita kati yake. Cha kwanza hakina kura. Ni cha kusikia tu, asubuhi, kisizidi saa moja na nusu, karatasi zikiwa na herufi za ukubwa wa 16 au zaidi na kipaza sauti kikifanya kazi. Wazee wasiotoka wafuatwe nyumbani na watu wawili, kamwe si mmoja, ili asije mtu kusema mzee alilazimishwa. Wajane waalikwe wazungumze hata kama katiba haiwapi kura. Ndani ya wiki hizo sita kila mpiga kura apange njia nne kwa namba 1 hadi 4, iliyopata namba 1 chache kuliko zote iondolewe na kura zake zihamie kwenye chaguo la pili, mpaka moja ipate zaidi ya nusu. Kikao cha pili kipigie kura azimio lililokwisha andikwa neno kwa neno na mwanasheria. “Tukubaliane kimsingi” ni maneno yatakayokataliwa na benki na msajili.

Kama chama chenu hakina nguvu hata ya hayo, fanyeni matatu mwezi huu: ongezeni mtia saini mmoja benki, safisheni daftari, na wekeni fotokopi ya picha moja ya kikosi mbele ya mzee mwenye kumbukumbu nzuri kuliko wote.